Kengele ya Anania

Maiti ya Anania ilikuwa sebuleni, na masikioni bado mlikuwa na udongo mwekundu ambao wanawake waliosha hadi mikono ikachoka wasiweze kuutoa. Kaburi lilikuwa tayari tangu asubuhi. Iliyokosekana ni kengele tu. Kanisa lao huku milimani, juu ya Mbalizi, halimgongei kengele aliyetengwa, wala kwaya haimwimbii. Anafukiwa kimya kimya kama mbwa. Na Anania, aliyeporomokewa na shimo la dhahabu huko Makongolosi, alikuwa ametengwa kwa kufanya kazi humo Jumapili.

Mwinjilisti Sedekia alikuwa na dawa yake. Mzazi akisimama mbele ya waombolezaji na kuungama kwa niaba ya marehemu, kundi lingempokea.

"Niungame nini, baba?" Ikupa, mama wa marehemu, aliuliza.

"Kwamba Bwana amemhukumu." Akafungua Biblia, akasoma habari za mnara wa Siloamu ulioangukia watu ukawaua. "Msipotubu, mtaangamia vivyo hivyo. Umesikia, mama? Mnara ule na shimo lile la Makongolosi, mkono ni uleule."

Zabron, mzee wa kanisa na mwenye shimo, aliinamisha kichwa. Jeneza alinunua yeye, na mchele wa msiba ulikuwa wake. Zamu ya Jumapili nayo aliipanga yeye, asiyeshuka alifukuzwa. Hilo halikutajwa kwenye kikao kilichomtenga Anania, maana kikao chenyewe alikiongoza yeye. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kunyonga walikuwa wamekwisha, haki ilikuwa bado njiani.

Ikupa aliomba Biblia, akafuata mistari kwa kidole. Kabla tu ya onyo lile, Yesu aliuliza kama waliokufa walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Akajibu mwenyewe.

"Baba, hapa anasema sivyo."

"Mama Anania, maandiko yana kina."

"Kina gani? Kasema sivyo! Basi anayeonywa ni nani, si sisi tuliobaki?" Akamgeukia Zabron. "Mwanangu alinipigia simu, mzee. Alisema magogo ya kushikilia shimo yameoza. Wakakuomba mengine, ukawaambia miti yote ya milingoti imekwenda kwenye kazi ya Bwana."

Watu walitazama chini.

"Huo ni uchungu unasema, mama, nami nimekusamehe," Zabron alisema kwa upole. "Ila jua linakwenda, na mwili hausubiri. Ipyana naye nimemwekea nafasi ya kaka yake. Nisingependa aikose."

Ipyana, mwanawe aliyebaki, alikuwa mlangoni na koleo la kaburi. Alimwangalia mama yake kwa macho ya kuomba. Kazi nyingine hakuwa nayo.

Ikupa alirudisha Biblia. Alitoka nje hadi uani, akasimama mbele ya watu wote, akasema Bwana amemhukumu mwanawe kwa haki. Wanawake wakaangua kilio. Yeye hakulia. Kinywa chake kilikuwa kichungu kama aliyetafuna shubiri.

Jeneza likainuliwa, kengele ikaanza kulia. Ikupa akatazama juu kanisani. Mnara mpya wa kengele, sadaka ya Mzee Zabron, ulikuwa umejengwa kwa milingoti minene, iliyonyooka, bado inatoa utomvu. Kengele ilipigwa kwa nguvu, ikayumba huku na huku. Mnara haukutikisika hata kidogo.