Kamba Iko Upande Wako

Siku Mzee Masele alipoanguka sebuleni, mkamwana wake Asteria alikuwa jikoni, hatua chache tu kutoka pale, anachemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kuimba pambio. Kati yao palikuwa na ukuta wa tofali. Michembe iliiva, akaipua, akaitia kwenye bakuli, ndipo akazunguka kwa mlango wa korido kumpelekea. Akamkuta baba mkwe wake yuko chini, shavu limebanwa sakafuni, mguu mmoja umenasa chini ya meza, macho wazi. Alikuwa pale tangu maji hayajachemka.

"Baba! Mbona hukuniita?"

Mzee alifumba macho. Kiharusi kilikuwa kimemchukulia upande wa kushoto na kumwachia ulimi mzito, lakini sauti alikuwa nayo, tena ya kutosha. Ng'ombe wake kwao Kishapu waliijua sauti ile wakiwa mbali. Hakuita kwa sababu hakutaka. Mzee mzima wa Kisukuma amwite mke wa mwanawe aje amwone amelala chini kama gunia? Thubutu! Tangu aletwe hapa Ngokolo kwa mwanawe hajawahi kumwita Asteria kwa lolote. Akitaka maji husema, "Hosiana, mwambie mama yako," na mjukuu wake huyo akiwa shule, anakaa na kiu yake mpaka arudi. Naye Asteria, kwa heshima hiyohiyo, alikula jikoni nyuma ya ukuta, maana mkamwana hatafuni mbele ya baba mkwe.

Heshima ni nzuri, nani anakataa? Lakini heshima ya kumwacha mzee wa watu afie sakafuni huku michembe inachemka, hiyo Asteria hakuitaka hata kidogo. Alimnyanyua, akamketisha kwenye kochi, akampangusa shavu. Hasira zilimjaa, wala hakujua ni za nani, za mzee au zake mwenyewe na pambio lake. Kisha akaugeukia ule ukuta. Wewe, akasema moyoni, lazima uondoke.

Mumewe, Boaz, alikuwa kazini bandari kavu ya Isaka. Akampigia.

"Subiri nirudi tuongee," Boaz akasema.

"Nisubiri, na baba yako naye asubiri kuanguka?"

"Mama Hosiana, huo ni ukuta wa nyumba!"

"Na aliye nyuma yake ni baba yako."

Halafu Boaz akasema afanye anavyojua, ila asimwambie mtu kwamba yeye ndiye aliyeruhusu. Ndivyo alivyo Boaz, mpole mpaka unatamani kumfinya.

Kesho yake fundi Maulidi alikuja na nyundo yake na tindo. Akaugonga ukuta kwa kidole, akapanda kuchungulia darini, akashuka anajipangusa buibui kichwani.

"Haujabeba paa, ni wa kugawa tu," alisema. "Ila Mama Hosiana, nikishapiga ya kwanza, usije ukaniambia nirudishe tofali kwa gundi."

"Piga."

Kabla hajainua mkono, mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa Euphrasia, dada yake Boaz. Boaz huyohuyo aliyetaka siri ndiye aliyempigia simu dada yake, jamani!

"Wifi, una wazimu? Unataka baba akae anakutazama unavyotafuna? Kishapu wakisikia tutaziweka wapi sura zetu?"

"Na wakisikia amekufa peke yake huku mimi naimba?"

Euphrasia akamgeukia mzee. Alimpenda baba yake, hilo lilikuwa wazi. "Basi angalau weka pazia," akasema kwa sauti ya chini.

"Pazia nitaweka."

Mzee Masele alikuwa kwenye kochi, anasikia kila neno. Akanyoosha kidole chake kizima. "Hosiana," akaanza kwa hasira, "mwambie mama yako..." Lakini Hosiana alikuwa shule. Mzee akayameza maneno yake, akageuzia uso dirishani.

Maulidi akapiga. Vumbi likajaa nyumba nzima, na jua la jikoni likaingia sebuleni kwa mara ya kwanza tangu nyumba ile ijengwe. Likaachwa pengo la upana wa milango miwili, chini ya linta ya zege. Asteria akatundika pazia la kitenge kwa pete kwenye waya, akafunga kamba ya kulifungulia kwenye ukingo wake, na ncha ya kamba akaifunga kwenye mkono wa kochi, upande ambao mzee alikuwa na nguvu. Kisha akapiga goti mbele yake.

"Baba, kamba iko upande wako. Mimi sitalifungua hili pazia. Ukitaka likae limefungwa siku zote, litafungwa. Ila ukianguka tena ukanyamaza, utakuwa umeniua na mimi, maana sitaweza kuishi na jambo hilo."

Mzee akausogeza mkono wake mzima mbali na kamba.

Siku zikapita, pazia halikusogea hata kidogo. Euphrasia alipokuja akalitazama, akacheka. "Umevunja ukuta wa tofali, umejenga wa kitenge!" Asteria akaendelea na sufuria yake. Mapambio aliyaacha, akapika masikio yako sebuleni, kikohozi kikitoka anatulia, kochi likilia anatulia. Mara nyingi mkono wake ulifika kwenye kitenge, anataka achungulie tu, mara moja tu, akaurudisha. Alishatoa neno lake.

Mchana mmoja alikuwa ameketi kwenye kigoda jikoni, sahani ya ugali na mlenda magotini, tonge mdomoni. Akasikia mkongojo wa mzee umeanguka. Kochi likalia. Akasimama, sahani ikamponyoka. Sema, baba, akaomba moyoni, nakuomba sema.

Pete zikakwaruza kwenye waya na pazia likafunguka lote. Mzee alikuwa nusu kwenye kochi nusu hewani, ameng'ang'ania kamba kwa mkono wake mzima.

"Asteria!" Sauti ile ya malishoni ikajaa nyumba. "Asteria, naanguka!"

Alimfikia kabla goti lake halijagusa sakafu. Akamkumbatia kiunoni, akamrudisha kwenye kochi, wakabaki wote wawili wanahema. Hapo ndipo Asteria alipokumbuka tonge lililokuwa shavuni. Aibu ikamshika. Akajifunika mdomo kwa kanga, akarudi jikoni haraka, akashika ukingo wa pazia alivute.

"Liache," mzee alisema.

"Baba, nilikuwa nakula."

"Nimeona." Akapumzika kidogo, ulimi ukimlemea. Aliutafuta uso wa Asteria, akautazama moja kwa moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Pakua kingine. Kaa hapo ninapokuona, ule."

Asteria akapakua, akavuta kigoda mpaka pale ukuta ulipokuwa, akakaa. Akamega tonge, akalitafuna mbele ya baba mkwe wake, huku machozi yanadondokea kwenye mlenda.