Mlinzi wa Viwavi

"Durdona, viwavi wanafanya nini?"

"Wamelala, bibi."

"Na wakilala wanakula?"

"Hawali."

"Sasa hilo jani mkononi ni la nani?"

Mtoto akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtoto wa jirani. "La kuwapa."

Hurmatoy alishusha pumzi. Tangu alfajiri walikuwa wakiulizana hayo hayo, na mtoto alijibu sawasawa kila mara. Mdomo ulijua kila kitu. Mkono ndio haukuwa na habari.

Viwavi wa hariri, juu ya vichanja vyao, walikuwa wamechukua chumba kikubwa chenye jiko la kuotea moto, na wenye nyumba wamehamia barazani na magodoro yao, kama kila nyumba pale kijijini miforsadi, miti ya majani wanayokula, inapochipua. Durdona, mwenye miaka minne, alifundishwa kazi moja tu: wakiwa na njaa, wape majani. Akaipenda mno. Aliwawekea jani moja moja, kisha akainama kuwasikiliza wakitafuna, na bibi yake akamsifu kwa majirani wote. Kumbe bibi alikuwa anajitafutia matata. Maana viwavi hulala kila wanapotaka kujivua ngozi, vichwa wameviinua juu, wametulia tuli, na hapo amri hugeuka: hata jani moja lisiwekwe. Jani bichi juu ya aliyelala huleta unyevu, na unyevu ukiingia, kichanja kizima huoza.

Usingizi uliopita Durdona aliwaonea huruma wale wa kichanja cha pembeni, akawafunika majani mpaka wasionekane. Babu yake, Tokhtasin, ndiye aliyeubeba ule uozo kwenda kuumwaga, huku ameziba pua kwa kilemba. Sasa ulikuwa usingizi wa mwisho. Wakiamka salama watakula sana, kisha watafuma hariri.

"Mama Rustam, nimeshasema," Tokhtasin alinguruma asubuhi ile akivaa viatu. "Akiweka jani tena, kesho nampeleka Margilan kwa shangazi yake. Akae huko mpaka tuvune."

"Ana miaka minne, baba Rustam."

"Rustam wa miaka minne alikuwa anachunga kondoo."

"Rustam wa miaka minne aliwalisha kondoo kofia yako. Au umesahau?"

Mzee akachukua shoka lake la kukatia matawi, akatoka bila kuaga.

Rustam huyo, baba wa mtoto, alikuwa kazini Moscow pamoja na mkewe. Durdona aliletwa na sanduku lake wakati wa theluji, akalia usiku baada ya usiku, na ni majuzi tu ameanza kulala bila kushika shungi la bibi yake. Leo apelekwe tena nyumba nyingine? Hurmatoy hakutaka hata kulifikiria.

Na alikuwa amejaribu kila njia! Alificha majani ghalani, mtoto akaenda kuchuma mtini. Alitandaza kitambaa cha shashi juu ya vichanja, mtoto akainua pembe. Alimfunga mikono kwa leso, basi kikapigwa kilio ambacho hata kiwavi kiziwi angeamka. Mlango nao haufungwi, kwa sababu wanaolala wanataka hewa.

Sasa unga ulikuwa umeumuka na tanuri limeshika moto. Kumpeleka mtoto tanurini lilikuwa balaa jingine. Juzi alichungulia ndani mpaka nyusi zikaungua.

"Njoo hapa. Kaa kizingitini," alisema, sauti imeshaanza kukwaruza. "Leo wewe ndiye mlinzi. Akija mtu na jani utamwambiaje?"

"Wamelala."

"Na mtu huyo akiwa Durdona?"

Mtoto alifikiri sana. "Nitamgombeza."

"Mgombeze haswa. Mimi nimechoka."

Hurmatoy akaenda uani, akaanza kubandika mikate ukutani mwa tanuri. Kutoka ndani aliisikia sauti yake mwenyewe, ila nyembamba: "Weka chini! Nimesema mara ngapi? Huna masikio, wewe?" Akacheka peke yake. Kisha sauti ikakatika.

Kelele za mtoto zinachosha, lakini kimya chake kinatisha. Aliiacha mikate, akakimbia na glavu yake ya pamba bado mkononi, akagongana mlangoni na Tokhtasin aliyekuwa anarudi na mzigo wa matawi.

Durdona alikuwa kizingitini vile vile. Mkono mmoja ameukalia. Mashavu yamevimba, na mate ya kijani yanachuruzika mpaka kidevuni.

"Jani liko wapi?" bibi akauliza.

Mtoto akameza kwa shida. "Nimelila. Mkono haukutaka kuliweka chini."

"Na viwavi?"

"Wao wamelala. Mimi niko macho."

Tokhtasin alipita kichanja kwa kichanja akiinama, anatafuta kosa. Vyote vilikuwa vikavu, vichwa juu. Aliporudi hakusema lolote la Margilan.

"Mikate yako inaungua," alimwambia mkewe.

Na iliungua kweli. Jioni mzee aliparua weusi kwa kisu, na ile sehemu laini ya katikati akamsogezea mjukuu wake.

Kesho yake viwavi waliamka. Walishusha vichwa, wakaanza kutambaa huku na huku wakitafuta chakula. Tokhtasin akaja mbio na matawi mabegani, na Hurmatoy nyuma yake amekumbatia mengine. Kizingitini wakamkuta Durdona, mikono ameitandaza toka mwimo hadi mwimo.

"Wamelala!"

"Wameamka, mama yangu. Tazama, wanatembea."

Mtoto akageuka, akatazama. "Wanatembea," akakubali.

"Wana njaa?"

"Wana njaa sana, bibi."

"Basi tupishe tuwape majani."

"Hapana," akasema Durdona, asisogee hata kidogo. "Wamelala."

Hurmatoy akafumba macho, kifurushi cha matawi kikimwelemea, akavuta pumzi na kuanza upya.

"Durdona, viwavi wanafanya nini?"