Gurudumu la Mbele la Marcellin

Massoudi, fundi baiskeli wa Buyenzi, alikuwa ameihudumia baiskeli ya Marcellin, karani wa Ngagara, kwa miaka kumi na mmoja. Alibadilisha mnyororo, pedali, breki na tandiko, hadi ikabaki fremu tu ya zamani. Mwaka 1996 nchi jirani zilituwekea vikwazo, vipuri vikaadimika. Njiti tatu za gurudumu la mbele zilipokatika, Massoudi alikata njiti nene za pikipiki, akapanua matundu ili zipite.

Marcellin, aliyeiita baiskeli kinga kama mtaa mzima, alicheka. "Muzee, hii kinga si ya mi tena. Ni ya we."

Mwezi wa kumi na moja akaipanda kumpelekea mama yake dawa, njia ya Bubanza, ambako vita vilikuwa vikiendelea. Hakurudi.

Mkewe, Dévote, alipita kwa fundi kila Jumatatu kuuliza habari. Hakuruhusiwa kulia msiba. Ndugu za mumewe walikataa: hawamlilii mtu ambaye huenda yu hai.

Mwezi wa kwanza, mwanamume mgeni mtaani aliingia na gurudumu. Massoudi alilizungusha. Njiti tatu zilikuwa nene.

"Umeitoa wapi?"

"Kule juu, njia ya Bubanza. Mwenyewe haihitaji tena." Akamkazia macho. "Unataka ao apana?"

Massoudi hakuthubutu kuuliza zaidi. Alimpa tairi moja, wakabadilishana, kisha akafunga duka. Akalitia gurudumu kwenye gunia na kwenda Ngagara kwa miguu.

Dévote alikuwa akichambua maharage. Alilipapasa gurudumu.

"Ni yenyewe?"

"Ni yenyewe, Mama Orlane. Hizi tatu niliziweka mi."

Dévote hakulia. "Kesho shemeji zangu watakuja. Uwaambie vile umeniambia. Mi wananiona nina wazimu."

Usiku ule Massoudi hakulala. Siku hizo mtu aliyejua fulani kafia wapi naye angeweza kutafutwa na wauaji. Hata hivyo alikwenda, akasema yote.

Adrien, kaka wa marehemu, alitikisa kichwa. "Gurudumu si mutu. Labda walimuibia tu."

"Wangemuibia, angekuja kwangu siku ileile anitukane, kwamba njiti zangu ndizo zimetamanisha wezi. Miezi miwili sijamuona."

Adrien aliinama, akavua kofia. Hapo Dévote akapiga ukelele, na majirani wakaanza kuingia kwenye msiba, wengine na ndala mkononi.

Tangu siku ile Massoudi hakupokea tena kipuri kisicho na mwenyewe. Mwaka ule vipuri vingine havikuwepo. Wateja wakahamia kwa mafundi wasiouliza vilikotoka.

"Tutakula nini?" mkewe Hayat alimuuliza.

 Massoudi alisukuma pampu na spana chini ya meza, akaanza kuziba masufuria ya majirani yaliyotoboka.