Samaki Lazima Apasuliwe

Ufunguo wa banda la mizani pale gatini Coosroe, kijiji chetu cha pwani, ulikuwa kwangu, na kwa sababu hiyo sikupendwa sana. Watu wanaovua kwa fimbo na ndoana, kwa raha zao na si kwa riziki, ni watu wazuri mpaka uwaambie samaki wao ni mwepesi kuliko walivyodhani. Mwalimu mmoja mzima aliwahi kuninunia msimu mzima kwa sababu ya wakia mbili. Nami sibembelezi mtu. Samaki wa rekodi hupimwa nchi kavu, si chomboni. Hupimwa kwa mizani yenye muhuri wa serikali, mbele ya mashahidi wawili wasio ndugu wa mvuvi. Kisha hupasuliwa tumbo mezani, kila mtu aone.

Hilo la tumbo tuliliongeza wenyewe, baada ya mgeni mmoja kutuletea chewa aliyeshindiliwa vipande vya madini ya risasi ili aongezeke uzito. Tulimpa kikombe, tukampigia makofi, na siri ikafichuka jikoni. Klabu zote za uvuvi za kaunti yetu ya Kerry zilitucheka. Siku hiyo Batt, mwenyekiti wa klabu yetu, aliapa kwamba hakuna rekodi bila kisu.

Rekodi ya mkunga ilikuwa ya Murt. Mkunga ni yule samaki mrefu mfano wa nyoka, anayejificha ndani ya meli zilizozama na kula chochote kinachomwangukia. Murt alikuwa bingwa wa kuwatoa mle. Jina lake lilikuwa juu kabisa kwenye ubao wa rekodi, na lilikuwa pale pale hata baada ya Januari, alipotoka peke yake na mashua yake ndogo, nayo mashua ikarudi ufukweni kifudifudi bila yeye.

Tulimtafuta mpaka Sikukuu ya Mtakatifu Patrick, katikati ya Machi. Tulitembea fukwe zote bega kwa bega, na bahari haikutupa hata kiatu. Mkewe, Sorcha, aliacha kuomba makubwa. "Nipeni kitu cha kuzika tu," alikuwa akituambia, dukani, kanisani, barabarani. "Hata kikiwa kidogo." Ilifika mahali watu wakimwona wanavuka upande wa pili.

Kwetu, mtu akizama asipatikane, hatuli kaa wala kamba. Hakuna anayetangaza. Mitego hurundikwa nyuma ya nyumba, na mambo yanaeleweka. Mwaka ule tuliishika desturi hiyo barabara, hata mwenye hoteli akawanyima wageni kaa. Lakini mkunga hakuna aliyemfikiria. Mkunga ni samaki wa mchezo, samaki wa picha na kikombe, na wazee wetu waliotuachia miiko hawakuvua kwa mchezo. Tena tangu Februari, mikunga waliokuwa wakitoka kwenye meli ya makaa iliyolala chini nje ya rasi walikuwa wanono ajabu. Tuliwasifu sana. Kwenye karamu ya klabu, baada ya Pasaka, tuliwapika supu ya maziwa na viazi. Batt akala bakuli la pili, kisha akasema haifai kumsahau mjane. Yeye mwenyewe alimpelekea Sorcha supu. Nilimwona akishuka kilima taratibu, bakuli limefunikwa kwa kitambaa safi, asije akamwaga. Nikawaza, huyu Batt na mdomo wake wote, ana utu.

Mwanawe Murt anaitwa Fiachra. Hakuwa amegusa fimbo ya kuvulia tangu msiba, mpaka Jumamosi moja mama yake alipomfukuza nyumbani akapate hewa. Alikwenda moja kwa moja kwenye meli ya makaa. Bahari siku ile ilikuwa imetulia mno, na sikuipenda. Alasiri akaingia gatini na mkunga aliyehitaji watu wawili kumbeba.

"Fiachra!" Batt alimpokea kwa kelele. "Umetuletea samaki au nguzo ya simu?"

"Nguzo ya simu haing'ati, Batt. Angalia vidole vyako."

Watu wakacheka, nami nikafurahi kumsikia akitania. Tukamtundika mizanini ndani ya turubai. Nikaondoa uzito wa turubai lililolowa, nikasoma mara mbili, mashahidi wakasoma baada yangu. Ratili sitini na nane. Alikuwa amempita yule wa baba yake kwa ratili mbili.

"Jina la baba litafutwa?" Fiachra aliniuliza kwa sauti ndogo.

"Halifutwi. Litashuka mstari mmoja. Wewe utakaa juu yake."

Akatabasamu. Mtu fulani alikuwa tayari ameshakimbia kumwita Sorcha.

Tukamlaza samaki mezani, nikapitisha kiganja chini ya tumbo kama ninavyofanya siku zote kabla ya kisu. Kiganja kikakutana na kitu kigumu. Kazi yangu ni kusema, nikasema: "Kuna kitu humu."

Fiachra akaweka mkono wake palepale nilipotoa wangu. Akabonyeza, akafuata ukingo wa kile kitu kwa kidole gumba. Uso ukamwishia damu.

"Basi," akasema. "Sitaki rekodi. Nipeni samaki wangu nimrudishe baharini."

Kicheko cha Batt kikakatika. "Umrudishe? Samaki aliyekufa? Aa, kijana, usitufanye sisi watoto. Umemlisha nini?"

"Sijamlisha kitu."

"Basi kisu kinakuogopesha nini? Njia ya mwongo fupi, mwanangu. Sisi tumeshachekwa mara moja, inatosha."

"Andika kwamba nimedanganya, Batt. Andika unavyotaka. Ila mniachie samaki."

Watu wakaanza kunong'ona, na minong'ono ikapanda kuwa maneno. Mtoto wa Murt. Risasi. Aibu gani hii. Hapo ndipo Sorcha alipoingia, amevaa koti lake la kanisani na amechana nywele, jambo ambalo hatukuwa tumeliona tangu Januari. Alikuwa amekuja kushangilia.

"Nani amemwita mwanangu mwongo?"

"Mama, rudi nyumbani," Fiachra akasema.

"Nirudi, wakikutukana?"

"Waache watukane. Twende zetu, mama. Twende sasa hivi."

"Siendi popote. Baba yako hakutuachia shamba wala ng'ombe, alituachia jina. Nóirín, mpasue huyo samaki."

Ndiye mimi huyo. Kisu kilikuwa mkononi, na macho ya Fiachra yalikuwa yananisihi. Kijana yule alikuwa radhi kuitwa mwongo maisha yake yote kuliko mama yake aone kilichokuwa mle. Nililielewa hilo.

"Sorcha," nikasema, "labda tumsikilize mtoto."

"Wewe na kanuni zako miaka yote hii, leo ndiyo umeona haya? Mpasue!"

Nikampasua. Kitu cha kwanza kuanguka mezani kilikuwa bonge la risasi, chubwi la kuzamishia mshipi.

"Haya!" Batt akapiga meza. "Nilisema mimi, sikusema? Risasi ile ile!"

Nikaligeuza kwa ncha ya kisu. Chubwi lile lilikuwa na umbo la kijiko kikubwa cha kupakulia, chenye ncha iliyopinda upande mmoja. Ni mtu mmoja tu Coosroe aliyekuwa akiyeyusha risasi na kuimimina ndani ya kijiko cha marehemu mama yake. Kisha nikaona kitambaa kilichotoka nalo, kizito na cheusi. Ulikuwa mfuko wa koti, na chini yake kulikuwa na kiraka cha pazia la manjano.

Sorcha aliuchukua kabla sijaweza kumzuia. Akaukamua kwa vidole, akautandaza kiganjani.

"Kiraka hiki nimekishona mimi," akasema. "Risasi zilikuwa zinamtoboa mifuko. Kila wiki namgombeza, kila wiki nashona." Akamgeukia mwanawe, aliyekuwa ameegemeza paji la uso ukutani. "Ulijua?"

"Nilikisikia kijiko, mama. Kwa kidole."

Akamshika shingoni, akamvuta kwake, na hakuna aliyejua pa kutazama. Batt alivua kofia. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na sikumwonea huruma hata kidogo.

"Shemeji, nisamehe," akasema. "Mfuko huo tutauzika kwa heshima zote. Tutaita padri. Samaki huyu tutamtupa mbali, usimwone tena."

"Samaki hatupwi. Anazikwa."

"Sorcha, dada yangu, huwezi kumzika samaki makaburini. Watu watasemaje?"

Akamtazama. Laiti angekuwa na hasira, tungejua la kufanya.

"Batt, ile supu uliyoniletea siku ya karamu, ilikuwa ya samaki gani?"

Mtu mmoja karibu na mlango alitoka haraka, na tukamsikia akitapika nyuma ya banda. Wengine tulibaki tumesimama, na kila mmoja wetu alikuwa akikumbuka bakuli lake.

"Niliimaliza yote," Sorcha akasema. "Nikakwambia ni tamu. Sikuwa nimekula vizuri tangu Januari." Akaufunga mfuko ndani ya leso yake, akafunga fundo. "Huyu mmoja atakwenda kaburini. Majeneza ya hapa unayachonga wewe. Mpime."

Batt akatoa futi mfukoni. Nikamshikia ncha moja kwenye kichwa cha samaki, naye akaenda nayo hadi mkiani. Akautaja urefu kwa sauti, kama kanuni inavyotaka, na mashahidi wawili wakaitikia.