Amina Si Hitimisho

...na duara lenyewe mwalimu kalichora mara mbili, kwa kalamu nyekundu, utadhani mara moja nisingeliona, Amina, neno la mwisho la insha yangu, na pembeni kaandika "hii si hoja, Loretta", haya, najua si hoja, mtu mzima wa miaka arobaini na moja, sikukusudia, vidole vyenyewe viliandika, binti wa mchungaji amalize jambo vipi kama si kwa Amina... "Mchungaji," Dewayne ananong'ona nyuma yangu huku akitafuna karanga, "kapu la sadaka linapita saa ngapi?" ...nyamaza, Dewayne, wewe uliyejaza kurasa mbili kuthibitisha kwamba meza ipo... "Dakika tano," anasema Mwalimu Hruska, "fungeni hoja zenu upya, kisha nakusanya. Loretta, nataka 'kwa hiyo', sitaki sala," darasa linacheka, na mimi nacheka, mjinga mimi, nacheka huku masikio yanawaka, maana nikifeli falsafa mara ya pili sitoki chuo hiki kidogo kuhamia chuo kikuu ng'o, nabaki dobi wa nyumba ya wazee, nakunja mashuka yao mpaka na mimi nikunjiwe yangu... kwa hiyo, kwa hiyo nini, swali lilikuwa jepesi kulisoma, kama Mungu ni mwema mbona watu wema wanateseka, nikaandika kurasa nne, nikamtaja Ayubu, nikayataja mafuriko yaliyobeba daraja letu, nimetaja kila kitu isipokuwa Travis, mdogo wangu, mgodi ulimvunja mgongo, vidonge vya maumivu vikamnasa, vikammaliza, na wala hakuwa mtu mbaya, alikuwa akiniwashia gari kila asubuhi ya barafu nikute limeshapata joto... "Mchungaji, niombee basi, sijafika hata nusu," ...na Baba kasimama kando ya jeneza la Travis, Biblia kwapani, harufu ya maharage na nyama ya nguruwe inapanda kutoka jiko la kanisa, akina mama wanapanga sahani kabla hatujazika, nikamshika mkono, nikasema Baba, mbona Mungu ame... "Amina," akasema, hata sikumaliza, kwa ile sauti yake ya mimbarini, na kanisa zima likaitikia Amina, na mimi, mimi mwenyewe, nikaitikia kwa nguvu kuliko wote, halafu nikaenda kugawa mkate wa mahindi... "Dakika mbili," anasema Hruska, anatazama saa, hajui, atajuaje, miaka sita nimekaa nikidhani siku ile nilijibiwa, kumbe nilikatizwa, nilikatizwa tu, na baba yangu, ninayempenda, nina hasira naye, Mungu nisamehe, hapana, usinisamehe kwanza, ngoja nimalize... nakata Amina, mstari mmoja, naandika Kwa hiyo, naitazama, inanitazama, naikata nayo, hakuna kwa hiyo hapa, kulikuwa na swali na halijawahi kufika mwisho wake, na Hruska akitaka anifelishe, Dewayne bado anatafuna, imebaki dakika moja, nashika kalamu naandika polepole, Baba, mbona Mungu amemwacha Travis, naweka alama ya kuuliza, nasubiri, na hakuna anayeitikia.