Kahawa Iliyopoa kwa Ajili ya Floraidi

Wifi yangu Ghaniya akilishikilia jambo, usijisumbue kumnyang'anya. Mimi ni wifi yake, kumsema ni haki yangu. Juzi juzi aliletewa kwenye simu sauti ya mtu asiyemjua, ikisema wakubwa wa maji wanafikiria kutia floraidi kwenye bomba ili meno ya watoto yasioze, na kwamba dawa hiyo hupumbaza akili. Tangu siku hiyo, nyumbani kwa kaka yangu hapa Izki, Uarabuni, wali ulipikwa kwa maji ya chupa na mchicha ukaoshwa kwa maji ya chupa. Alipotaka watu watawadhe kwa maji ya chupa, kaka yangu Thuwaini akagoma.

Tungecheka tu, lau si posa. Binti yao Khulood, daktari wa meno huko Nizwa, alimpenda kijana mmoja, Aflah, na kazi ya Aflah, kama sote tujuavyo, ni kupima maji maabara. Khulood nampenda kama niliyemzaa. Alishakataa wachumba mpaka watu wakaanza kumsema, na safari hii ndiyo kwanza nimeona uso wake unachangamka.

Thuwaini na Mzee Zakariya, baba yake Aflah, wote wazaliwa wa Wete, walishayamaliza mambo yao msikitini baada ya sala. Ghaniya aliambiwa jambo moja tu: "Ijumaa kuna wageni, pika biriani."

Ijumaa wakaja. Wanaume wakakaa majlisi, sisi wanawake chumba cha pili, na kati yetu pazia tu. Kahawa ikamiminwa. Mzee Zakariya akapokea kikombe, akakitua zuliani bila ya kukionja. Ndiyo desturi: aliyekuja kuposa hanywi mpaka apewe jawabu. Akiinuka akakiacha kimejaa, posa imekufa. Kaka yangu akakohoa, yu tayari kusema "kunywa" mambo yaishe.

"Asinywe!" ikatoka sauti nyuma ya pazia.

Nilimfinya Ghaniya paja. Wapi!

"Kwanza huyo kijana aniambie. Mnatia nini majini?"

Aflah akajibu kwa adabu, kama anamjibu mama yake mdogo. "Hatujatia kitu, Khalti. Bado wanajadiliana. Na ikitiwa ni kidogo sana, ya'ni, kwa ajili ya meno ya watoto."

"Kidogo! Miye nimesomeshwa Unguja na mwalimu wa Arusha. Meno yake rangi ya sukari guru. Kaniambia mwenyewe, ni maji ya kwao."

"Mama, ile ilikuwa nyingi, imetoka kwenye ardhi," Khulood akasema. "Hii iko kidogo. Mimi kila siku nang'oa meno ya watoto wadogo, wanalia mpaka na mimi nataka kulia."

"Wape mswaki! Wapunguzie halwa!"

Mimi sikujua nimpigie makofi nani, maana wote wawili walisema kweli.

"Ghaniya," kaka yangu akanguruma, "unaniaibisha mbele ya wageni."

Mvuke wa kahawa ulishakatika. Nilichungulia pembeni mwa pazia, nikamwona Mzee Zakariya anakitazama kikombe chake kwa huzuni. Mtu yule asipopata kahawa kichwa humuuma. Mkewe Basma, aliyekaa nami, akaninong'oneza, "Leo tutarudi na njaa." Kisha mzee akaanza kupapasa akitafuta fimbo yake ainuke. Khulood akaziba uso kwa ncha ya shela, nami moyo ukanipasuka.

"Nakuaibisha weye?" Ghaniya akasema, na sauti yake sasa ilikuwa inatetemeka. "Mtu hapewi dawa bila ya kuulizwa. Maji hayo nitayanywa miye, na hapana aliyeniuliza. Na huyu mwana nimemzaa miye, na hapana aliyeniuliza. Nimeambiwa nipike biriani!"

Nilimwonea huruma, na haya zikanishika, kwani muda wote nilidhani anagombana na bomba.

Aflah akainuka, akaja mpaka kwenye pazia, akasimama upande wa wanaume, kichwa kakiinamisha.

"Shikamoo, Khalti."

"Marahaba," Ghaniya akajibu kwa mazoea.

"Basi mimi nakuuliza. Maji yatiwe floraidi?"

"Yasitiwe."

"Mimi naona yatiwe. Lakini wallahi neno lako nitalifikisha kama ulivyolisema." "Na Khulood je? Unaniridhia?"

Ghaniya akamgeukia bintiye. "Nawe umeulizwa?"

"Aliniuliza mimi mwanzo, Mama."

"Ukasemaje?"

"Ndiyo. Zamani!"

Basma akaangua kicheko. Ghaniya alikaza uso kidogo, kwa heshima ya nyumba, halafu akalivuta pazia kando.

"Mzee Zakariya, kunywa kahawa yako."

"Imeshapoa," kaka yangu akasema kwa uchungu. Lakini mzee alishaimaliza, anakinyoosha kikombe aongezwe.

Baada ya biriani Ghaniya alipika chai kwa mkono wake, ile ya kwetu, majani mengi mpaka nyeusi tititi, na iliki na tangawizi. Pazia likafungwa kando, tukanywa pamoja. Ghaniya alikuwa kikombe cha tatu pale Khulood, furaha imemlevya, alipojisahau.

"Mama, unajua majani ya chai iko na floraidi? Hicho kikombe chako pengine imezidi ile wanataka kutia kwenye bomba."

Nikashika shavu. Aflah akayatazama maua ya zulia. Mzee Zakariya akakikamata kikombe chake kwa mikono miwili, asije akanyang'anywa tena.

Ghaniya aliitazama chai yake. Akaikoroga, akapiga funda refu.

"Hii," akasema, "nimejitilia mwenyewe."