Gari Lenye Vitanda Sita

Muriuki, Mkenya anayeuza magari-nyumba yaliyotumika pale Ingleburn, alitufungulia mlango kama anatukabidhi ikulu.

"Hii ni ya wadosi, watu wa pesa," alisema. "Wazee wawili wazungu wamezunguka nayo Australia nzima, wakachoka. Viti ni ngozi, jiko iko, bafu iko. Mko wangapi?"

"Sita," nikajibu. Mume wangu Bahizire, watoto watatu, mama yangu mzazi, na mimi.

"Basi Mungu amewakumbuka. Vitanda ni sita!"

Sikuwa na hamu ya utani. Nyumba tuliyopanga Guildford ilikuwa ibomolewe, na tulikuwa tumebakiza wiki mbili za kuhama. Tulikwenda kuangalia nyumba kumi na tisa. Kila wakala alituhesabu kwa macho, akatabasamu, na simu hakupiga. Ndipo Bahizire akasema afadhali tununue nyumba yenye magurudumu, tuiegeshe kwenye kambi ya magari nje ya Campbelltown. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu: mama asitengwe nasi. Nafanya kazi kwenye makao ya wazee. Nawaogesha, nawalisha, najua nani hajatembelewa tangu Pasaka. Niliapa mama yangu hatalala pale hata siku moja.

Watoto waliparamia dabodeka mbili zilizotazamana katikati ya gari. "Top one's mine!" alipiga kelele Ange, binti yangu mkubwa, ambaye Kiswahili anakisikia, kukizungumza hataki. Vitanda vyetu viwili, mimi na Bahizire, vilikuwa nyuma, vimetengwa kwa pazia la kijivu. Nilikalia kimoja nikahesabu: wawili hapa, wanne pale. Nikafurahi, mjinga mimi.

Kisha mama akapanda ngazi, na Bahizire alikuwa bado ndani.

Kwetu Bukavu mwanamume hapishani na mama mkwe wake mahali pembamba. Hali chakula naye, haoni kitanda chake, hamsikii akikoroma. Guildford tuliweza, kwa sababu mama alikuwa na kijumba chake cha uani, chenye mlango na choo. Miaka saba Bahizire alimsalimia akiwa amesimama kwenye majani, macho chini. Hapa mlango ulikuwa mmoja. Bahizire aligeukia friji akaficha uso. Mama akajifunika kitenge, akajibana kwenye sinki. Wakapishana hivyo, mabega yakagusana. Muriuki akacheka, maskini, hakujua kitu.

"Shosho, chako ni hiki cha chini," akamwambia mama. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame!"

Mama akainama kweli. Akabonyeza godoro, akalishika lile pazia, akalivuta na kulirudisha.

"Nsimire," akaniita taratibu. "Hii rido njo mulango?"

"Mama, huku ni Australia. Mungu anaelewa."

"Mungu iko anaelewa. Na Bahizire? Atalala wapi, na mimi niko nakohoa hapa?"

Nilimkasirikia. Nikamwambia mila hizo ziliungua pamoja na nyumba yetu ya Bukavu, na kwenye kambi ya wakimbizi tuliishi wote chini ya turubai moja.

"Wewe ulilalaka ndani," alisema. "Bahizire alilalaka inje, miaka mbili, na mvua. Unafikiri sikuonaka? Sitamulalisha inje tena."

Nilichungulia dirishani. Bahizire alikuwa amesimama mbali, ametugeuzia mgongo, akingoja mama atoke ndipo aingie kutia saini.

"Kule unaogeshaka bazee," mama akauliza, "kila mutu iko na mulango yake?"

Nililia pale pale mbele ya watoto, na mama ndiye aliyenifuta machozi kwa kitenge chake.

Gari tulilinunua. Hakukuwa na jingine.

Jumatatu nilimwomba bosi wangu fomu ya kumpokea mzee mpya. Akaniuliza mgeni anazungumza lugha gani. Nikasema Kiswahili na Mashi, lugha ya kwetu, Kiingereza hapana, lakini mimi nitakuwepo. Akanitazama kwa huruma ya kweli, kisha akanieleza utaratibu wa makao: mfanyakazi haruhusiwi kumhudumia ndugu yake. Mama akiingia, mimi nitahamishiwa jengo la pili.

Nikachukua kalamu, nikaandika jina la mama, Chibalonza, kwa herufi kubwa kama fomu ilivyotaka.